Tindo Isiyokata: Jinsi ya Kutambua Kazi ya Zana za Kale za Ufundi Chuma

Miongoni mwa vyuma nilivyonunua kwa kilo kwa muuza chuma chakavu mmoja mjini Dodoma kulikuwa na kipande ambacho kila aliyekiona alikiita tindo. Kilikuwa na urefu wa shubiri moja hivi, kiwiliwili chenye pembe nane, kichwa kilichotanuka pembeni kama uyoga kwa kupigwa nyundo miaka mingi, na mdomo bapa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakikuwa na makali. Mdomo ulikuwa mnene wa milimita tano, umenyooka kama uliokatwa kwa msumeno, na kingo zake zilikuwa zimelainika na kung'aa. Fundi wa kwanza niliyemwonyesha alisema ni tindo iliyolika. Wa pili alijitolea kuinoa palepale kwa grainda ili angalau nipate faida ya pesa yangu, nikamzuia mkono wake ukiwa tayari kwenye swichi.

Kile hakikuwa tindo, wala hakikuwahi kuwa na makali. Kilikuwa chuma cha kukalafati boila. Watu wa Pwani wanalijua neno kalafati kutoka katika uundaji wa majahazi, ambapo pamba iliyotiwa mafuta husindiliwa kati ya mbao ili maji yasipenye. Katika boila za zamani za mvuke, ambazo mabamba yake yalipandanishwa na kufungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zilizopigwa vichwa, badala ya kuchomelewa, shabaha ilikuwa ile ile kwa njia nyingine. Fundi aliuweka mdomo butu kwenye ukingo wa bamba la juu, akaupigilia kidogo kidogo mpaka chuma cha ukingo kikalala na kubana juu ya bamba la chini, na mvuke ukakosa pa kupenyea. Mdomo wenye makali ungelichana bamba. Ubutu ambao mafundi wawili waliuona kuwa ni ugonjwa ndio uliokuwa uzima wa kifaa kile, na dakika moja ya grainda ingekigeuza kuwa tindo ya kawaida isiyo na habari yoyote ndani yake.

Kifaa cha namna hiyo kufika Dodoma, kilomita mia kadhaa kutoka baharini, si jambo la ajabu kwa anayekumbuka reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kila garimoshi la mvuke lililopita hapa lilikuwa na boila, na kila boila ilihitaji mafundi wa kuifungua, kuiziba na kuifunga tena. Kwa reli hiyo hiyo vilipita vipande vya meli ya Graf von Goetzen, ambayo leo tunaiita Liemba, vikiwa ndani ya masanduku, ili vikaungwe kwa ribiti kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo ufundi wa kukalafati chuma ulikuwapo katika njia hii nzima, na zana zake zilibaki pale ambapo mafundi wake walistaafia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kosa ambalo karibu sote hulifanya tunapookota chombo cha kale. Tunakitazama mdomoni, yaani mahali kinapogusana na kazi, kisha tunatafuta kichwani mwetu chombo tunachokijua chenye mdomo unaofanana. Lakini midomo hufanana mno. Njia iliyo salama zaidi, na ambayo imenisaidia mara nyingi kuliko vitabu, ni kuanza upande wa pili: kuuliza kwanza chombo kilishikwaje, na ndipo baadaye kuuliza kilifanya nini.

Mkia kabla ya mdomo

Chombo chochote cha ufundi chuma lazima kishikwe na kitu fulani na kipokee nguvu kutoka mahali fulani. Mambo haya mawili huacha alama ambazo ni vigumu kuzificha. Kichwa kilichotanuka kama uyoga kinasema kuwa chombo kilipigwa nyundo mara nyingi. Kichwa kisicho na alama yoyote ya kupigwa, juu ya mwili unaofanana na tindo, kinasema kuwa kilisukumwa kwa mkono au kilibanwa kwenye jiriwa, ambayo mafundi wengi wa mjini huiita vaisi. Mkia mwembamba wenye ncha, kama wa tupa, ulikusudiwa kuingia kwenye mpini wa mti na haukuvumilia nyundo. Mkia mfupi wa mraba, mnene na ulionyooka, ni wa kutumbukizwa kwenye tundu la fuawe, yaani chuma kizito ambacho mhunzi hufulia kazi yake juu yake.

Hapa inafaa kueleza fuawe ya aina hiyo, kwa maana vijana wengi wamezoea kuona kipande cha reli kikifanya kazi yake. Fuawe ya kiwandani, ya mtindo wa Ulaya, huwa na pembe moja iliyochongoka, uso bapa, na karibu na ncha ya uso huo matundu mawili: moja la mraba na jingine dogo la duara. Tundu la duara ni la kupitishia ncha inayotoboa chuma cha moto. Tundu la mraba hushika vyuma vidogo vya kila namna, kama vile patasi iliyoelekeza makali juu ili fimbo ya chuma ikatwe kwa kulazwa juu yake na kupigwa, au kipande chenye mfereji wa nusu duara ambamo fimbo ya mraba huviringishwa. Vyuma hivyo vikitengana na fuawe yao huwa yatima. Mtu akiona kipande chenye uzito wa kilo moja, mfereji uliolainika juu na kisiki cha mraba chini, hudhani ni sehemu ya mashine iliyovunjika. Si sehemu ya mashine. Ni nusu ya jozi, na nusu yake ya pili ina mpini.

Nusu hiyo ya pili ndiyo inayowapoteza watu wengi zaidi. Ina tundu la mpini kama nyundo, ina uzito wa nyundo, na ikining'inizwa ukutani kila mgeni ataiita nyundo. Lakini haipigi, hupigwa. Mhunzi aliiweka juu ya chuma chekundu kwa mkono mmoja, na msaidizi wake akaipiga kisogoni kwa nyundo kubwa. Tofauti huonekana mahali patatu. Kisogo chake kimefumuka wakati uso wake wa mbele, wenye mfereji au ukingo wa mviringo au ubapa mpana, umebaki laini kabisa. Tundu la mpini mara nyingi ni dogo kuliko uzito wa chombo unavyostahili, kwa kuwa mpini ulikuwa wa kukielekeza tu wala si wa kukirusha. Na kama bahati imekuwa njema na mpini wa awali umebaki, haujakazwa kwa kabari, bali umeachwa ulegee kidogo ili mtikisiko wa pigo usimuumize mshikaji. Mtu anayekaza kabari kwenye mpini wa chombo hicho kwa nia njema ya kukitengeneza anaifuta alama moja ya kazi yake.

Kuna mikia mingine mirefu, ya mraba, inayopungua unene kuelekea chini kama mkuki. Hiyo si ya fuawe. Ni ya vyuma vya mafundi bati, vilivyosimamishwa kwenye bamba zito lenye matundu juu ya meza, au kwenye gogo. Juu ya mkia huo kunaweza kuwa na umbo la kushangaza sana: pembe ndefu nyembamba upande mmoja na koni nene upande wa pili, ukingo mrefu mkali kama wa shoka uliolazwa, upande wenye mifereji midogo sambamba ya upana unaotofautiana, au kichwa kidogo cha mviringo kama uyoga, safari hii kwa makusudi ya mtengenezaji na si kwa kupigwa. Kila umbo ni kivuli cha kitu kilichotengenezwa juu yake. Koni ni ya mirija na mdomo wa birika. Ukingo wa shoka ni wa kukunja bati kwa pembe kali. Mifereji ni ya kulaza waya ndani ya ukingo wa bati ili ukingo usikate mkono. Kichwa cha mviringo ni cha kutoa tumbo la bakuli.

Nikitaka kumfafanulia mtu wa Dodoma kazi ya vyuma hivi sipati shida, kwa sababu kazi yenyewe bado ipo mbele ya macho yetu. Mafundi bati wanaotengeneza ndoo, majiko ya mkaa, masanduku ya shule na vibatari wanafanya mikunjo ile ile, na kipande chao cha reli ni fuawe ya aina nyingi kwa pamoja: kichwa cha reli kinatoa mviringo, kitako chake kinatoa ukingo ulionyooka, na shingo yake inatoa bonde. Mara mbili nimepeleka chuma chenye mkia kwa fundi bati badala ya kumwuliza fundi wa magari, na mara zote mbili aliinama, akachukua kipande cha bati kilichokuwa miguuni pake na kukikunja juu ya chuma kile kabla hajanijibu neno.

Ukiwa bado kwenye mkia, usisafishe kitu. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona hasara nyingi zikitokana na usafi. Kanda hii ni kame; Dodoma hupata mvua kwa miezi michache tu, na jumla yake kwa mwaka ni takribani milimita 600 au pungufu. Kwa hiyo kutu inayopatikana hapa mara nyingi ni ya juu juu, ya rangi ya kahawia iliyokolea, na chini yake alama za kazi zimehifadhiwa vizuri kuliko kwenye chombo kilichokaa Bagamoyo au Tanga katika hewa ya chumvi. Kitambaa chenye mafuta ya taa kinatosha kwa hatua ya kwanza. Msasa huondoa mikwaruzo ya zamani na kuweka mipya. Grainda huondoa kila kitu.

Mikwaruzo hiyo ina thamani kwa sababu ina mwelekeo. Chombo kilichozungushwa huwa na mikwaruzo ya duara, kilichosukumwa huwa na mikwaruzo ya urefu, na kilichobanwa kwenye jiriwa huwa na alama za meno yake pande mbili zinazotazamana. Sehemu iliyong'aa kuliko nyingine ni mahali ambapo kazi au kiganja kilipita mara nyingi. Na penye kutu nene, ambapo pangepaswa kung'aa kama dhana yako ingekuwa sahihi, panaikanusha dhana hiyo.

Mabamba matatu yenye matundu

Mfano mzuri wa vyombo vinavyofanana na visivyo na undugu ni bamba la chuma lenye matundu. Bamba la namna hiyo, lenye urefu wa kiganja au zaidi, linaweza kuwa kitu kimoja kati ya vitatu, na watu huvichanganya kila siku.

La kwanza ni bamba la kuvutia waya. Matundu yake ni mengi, yamepangwa kwa safu kutoka kubwa hadi dogo, kila moja likipungua kidogo tu kuliko jirani yake, na kila tundu ni pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Fundi alichonga ncha ya waya, akaipitisha upande mpana, akaikamata kwa koleo upande wa pili na kuivuta. Waya ukapungua unene na kurefuka. Kisha tundu linalofuata, na linalofuata, huku waya ukipashwa moto kati ya mivuto ili usikatike kwa ugumu. Ndani ya matundu hayo hamna meno wala mfereji. Ukipitisha kijiti ndani, kinateleza.

La pili ni bamba la kukatia nyuzi za parafujo na bolti, yaani ile mistari inayozunguka mwili wake. Nalo lina matundu yaliyopangwa kwa ukubwa, lakini ndani yake kuna nyuzi, na mara nyingi kando ya kila tundu kuna pengo dogo la kutolea vumbi la chuma. Ukichukua kipande cha sabuni laini na kukizungusha ndani ya tundu, kitatoka kikiwa na alama za nyuzi. Hiyo ni njia rahisi ya kuuliza swali bila kulidhuru bamba. Kabla vyombo vya kisasa vya kukatia nyuzi havijaenea, mafundi walitegemea mabamba haya, na bolti ya bamba moja haikuwa na uhakika wa kuingia kwenye nati ya bamba jingine.

La tatu ni bamba la kutengenezea vichwa vya misumari. Hili lina tundu moja au machache tu, mara nyingi ya mraba, na kuzunguka tundu bamba limeinuka kidogo kama kichuguu. Mhunzi alichonga ncha ya fimbo ya chuma, akaikata karibu ipate kutengana, akaitumbukiza kwenye tundu, akaivunja na kuipiga mabaki ya juu hadi yakawa kichwa. Ule mwinuko uliruhusu nyundo kuukunja ukingo wa kichwa kuelekea chini. Ukiona mwinuko huo, usitafute waya.

Nalipa umuhimu zaidi bamba la kwanza kwa sababu ya historia ya Ugogo. Katika karne ya 19 misafara iliyopita kati ya Pwani na Unyamwezi ililazimika kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita njia, kwa watemi wa Wagogo, kwa nguo, shanga na waya. Waya nene wa shaba ulijulikana kwa jina la masango, na ulikuwa malighafi kuliko kuwa bidhaa iliyokamilika: ulifika nene, na mikononi mwa mafundi wa bara uliweza kupunguzwa unene kwa ajili ya bangili na mapambo. Ndiyo maana bamba la kuvutia waya likiokotwa katikati ya Tanzania halipaswi kudhaniwa moja kwa moja kuwa la kigeni. Angalia ukingo wake: lililotengenezwa kiwandani lina pande zilizonyooka na mara nyingi namba, lililofuliwa na mhunzi lina unene usio sawa, na matundu yake yamepangwa kwa kadiri ya nafasi iliyopatikana.

Kuna kifaa kingine ambacho sitakieleza kwa urefu huo lakini siwezi kukiacha: gurudumu dogo la chuma, pana kama sahani, lililofungwa kwenye mpini ili lizunguke bure. Wengi hudhani ni mchezo wa mtoto. Ni kipimo. Fundi wa magurudumu ya mikokoteni alilizungusha juu ya ukingo wa gurudumu la mti akihesabu mizunguko, kisha akalizungusha ndani ya pete ya chuma iliyokusudiwa kulivisha, na pete ilipaswa kuwa fupi kidogo. Pete ilipashwa moto, ikatanuka, ikavishwa, ikamwagiwa maji, ikabana. Pete yenye mzunguko wa mita nne ikipata moto wa nyuzijoto 500 hurefuka kwa takribani milimita 24, na fundi aliucheza mchezo wake wote ndani ya upana huo wa vidole viwili. Kifaa hiki hakina sehemu iliyopigwa wala makali, nacho huthibitisha kuwa si kila chombo cha mhunzi kiligusa moto.

Namba, nyuzi na mihuri

Baada ya mkia na alama za matumizi, ndipo maandishi yanapofaa kusomwa. Nayaweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa maandishi hutaja mtengenezaji, nchi au mwenye mali, na mara chache sana hutaja kazi. Hata hivyo husaidia kujua chombo kilikuja na tabaka gani la historia, na katika kanda hii matabaka yamelaliana.

Herufi D.R.G.M. ni za usajili wa Kijerumani wa miundo ya vifaa ulioanza mwaka 1891, na D.R.P. ni za hataza ya dola hiyo, iliyoanza mwaka 1877. Hazithibitishi kuwa chombo kiliingia nchini wakati wa ukoloni wa Kijerumani, bali zinathibitisha kuwa hakikutengenezwa kabla ya hapo. Alama ya mshale mfupi wenye mistari mitatu inayokutana juu ni ya mali ya serikali ya Uingereza, hasa ya jeshi. Herufi E.A.R. & H. ni za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililokuwapo chini ya jina hilo kuanzia mwaka 1948 hadi lilipogawanywa mwaka 1969, kwa hiyo muhuri huo hutoa miaka iliyofungwa pande zote mbili, jambo ambalo ni adimu.

Namba kwenye fuawe zina fumbo lake. Fuawe za Kiingereza, kama zile za Peter Wright wa Dudley, mara nyingi zina namba tatu ubavuni, kwa mfano 1, 2 na 14. Si tarehe wala namba ya muundo, ni uzito. Namba ya kwanza huzidishwa kwa ratili 112, ya pili kwa ratili 28, na ya tatu ni ratili zenyewe. Hivyo 1, 2 na 14 ni ratili 112, 56 na 14, jumla 182, sawa na takribani kilo 82 na nusu. Nimesikia fuawe ya namna hiyo ikitangazwa kwa wanunuzi kuwa ni ya mwaka 1214, na jambo hilo lilinisikitisha, kwa sababu aliyeiuza hakuwa mwongo. Hakuna aliyewahi kumweleza.

Lakini fumbo gumu kuliko yote ni la spana na nyuzi za bolti, na hapo Kongwa inaingia. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza iliendesha pale mpango mkubwa wa kilimo cha karanga ambao ulishindwa, na kwa ajili yake zilikusanywa mashine kutoka kila upande: matrekta na tingatinga za Kimarekani zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, na matrekta yaliyoitwa Shervick ambayo kampuni ya Vickers iliyaunda kutokana na vifaru vya Sherman. Reli ya Wajerumani ilikuwa imekwisha kuleta vipimo vya milimita. Kwa hiyo katika eneo moja walikutana mafundi wenye lugha tatu za bolti, na zana zao zikachanganyika, na bado zimechanganyika katika magunia ya chuma chakavu ya Mpwapwa, Kongwa na Dodoma.

Mfumo wa Kiingereza ulipendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, na pembe ya nyuzi zake ni digrii 55, wakati nyuzi za Kimarekani na za milimita ni digrii 60. Spana ya Whitworth huandikwa kipenyo cha bolti, si upana wa kinywa cha spana. Spana iliyoandikwa 1/2 W haina kinywa cha nusu inchi. Kinywa chake ni takribani milimita 23.4, kwa kuwa huo ndio upana wa nati ya bolti ya nusu inchi katika mfumo huo. Fundi wa leo anayepima kinywa hicho na kuona hakilingani na maandishi huhitimisha kuwa spana imelika au ni ya bandia. Haijalika. Inasema ukweli kwa lugha nyingine.

Na bolti yenyewe? Kwa vipenyo vingi vya kawaida, bolti ya Whitworth na ya Kimarekani zina idadi sawa ya nyuzi kwa inchi, ndiyo maana huingiliana kwa shida na kuharibiana polepole. Bolti ya nusu inchi ndiyo inayotoa siri: ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi, na ya Kimarekani yenye nyuzi nene ina 13. Ukikuta chombo cha ajabu chenye bolti ya nusu inchi, weka rula, hesabu nyuzi ndani ya inchi moja, na utajua chombo kilitoka upande gani wa bahari ya Atlantiki. Hakikisha tu kwanza kwamba bolti haikubadilishwa. Bolti ambayo kutu yake na rangi yake ni tofauti na mwili ni mgeni, na ushahidi wa mgeni haupokelewi.

Lazima pia kukumbuka kuwa chombo huzaliwa mara mbili. Tupa kuukuu ni chuma cha pua kizuri, na wahunzi wetu wamezigeuza tupa kuwa visu, patasi na vikwangulio. Ukiinamisha chombo mbele ya mwanga wa jua la jioni, utaona mabaki ya meno ya tupa yaliyolazwa na nyundo. Springi za magari zimekuwa mapanga na majembe. Hata karakana nzima inaweza kubadili kazi. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani, karakana ya reli ya Lulanguru karibu na Tabora ilipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke huko Iramba. Mtu anayekutana na chuma chenye mkia wa chombo kimoja na mdomo wa chombo kingine asilazimishe jina moja. Aandike kazi mbili, ya kwanza na ya pili, kwa mpangilio huo.

Kwenye karatasi ninayofunga kwa uzi kwenye kila kipande, naandika upande mmoja yale yanayoonekana na kupimika: urefu, uzito, sehemu zilizopigwa, sehemu zilizong'aa, maandishi, na mahali kilipopatikana. Upande wa pili naandika ninachodhani kilifanya. Pande hizo mbili zisichanganywe, kwa kuwa mtu atakayekuja baadaye akiwa na elimu bora atahitaji upande wa kwanza peke yake.

Mkononi

Kuna chombo kimoja ambacho mkia na mdomo wake vilinichanganya kwa muda mrefu. Kilikuwa kipande kizito cha chuma kilichofuliwa, kirefu kama mkono hadi kiwiko, kinene upande mmoja na kikipungua taratibu hadi ncha butu upande wa pili. Hakikuwa na tundu la mpini, wala nyuzi, wala muhuri. Upande mnene ulikuwa bapa na umepigwa sana. Lakini ubavu wake nao ulikuwa umeng'aa, na ncha ilikuwa na kutu iliyofika kiwango fulani na kukoma kwa mstari wa mviringo, kana kwamba sehemu hiyo ilifichwa ndani ya kitu.

Nilikichukua nikaenda nacho kwa mzee mmoja nje kidogo ya mji ambaye baba yake alikuwa mhunzi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani sikumwuliza chochote. Nilikiweka mikononi mwake tu. Hii ndiyo njia ninayoishauri kwa yeyote anayetafuta msaada wa wazee, kwa sababu swali likitangulia, jibu hulifuata swali, na mzee mwenye adabu hatapenda kumvunjia mgeni dhana yake. Alikipima uzito. Akakishika ubavuni, upande mnene ukiwa chini, akakishusha mara mbili tatu hewani kwa namna ambayo ilieleza mara moja kwa nini ubavu uling'aa: ilikuwa nyundo isiyo na mpini, ya aina ambayo wahunzi wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati waliitumia vizazi vingi kabla nyundo za kiwandani hazijafika.

Nikadhani tumemaliza. Lakini mzee aliinuka, akaenda kwenye kisiki cha mti kilichokuwa uani, akatafuta ufa, akaisimika ncha ndani yake na kuigonga kwa jiwe mpaka ikasimama imara. Kisiki kilikoma pale pale mstari wa kutu ulipokuwa.

"Na hii ni fuawe," alisema. "Inategemea umekaa upande gani."